Taa Isiyozimika

Machi 4

Mvua ya kwanza. Wageni wawili tu, na hao wawili waliingia kujikinga. Nimekaa kwenye dawati la tiketi na daftari hili nimelichukua stoo bila kuomba, kwa sababu mwongozaji asiye na wa kumwongoza atafanya nini? Miaka sita nawasimulia watu maisha ya watu wengine. Msimu huu nitaandika yangu.

Kwa yeyote atakayeliokota: hapa ni makumbusho ya maisha ya shambani. Kuna nyumba tano za udongo, zizi, kinu, mashimo ya nafaka, na ekari nane zinazolimwa kweli kwa plau ya maksai na jembe la mkono, kama walivyolima waliotutangulia. Wageni hutembezwa, hutwanga mara tatu, hupiga picha, hurudi kwao. Matope wanatuachia sisi.

Machi 7

Mdogo wangu ameanza kazi. Huyu ni kitindamimba wetu, ana miaka ishirini na saba na ameshafukuzwa kazi mara tatu. Gereji alifukuzwa kwa ubishi, dukani kwa uchelewaji, na kwenye ulinzi walimkuta amelala huku tochi inawaka. Nilimwomba Mkurugenzi mpaka nikajidharau. Amempa mkataba wa msimu mmoja: akitulia mpaka siku ya kufungua shimo la nafaka, mwezi wa tano, ataajiriwa moja kwa moja.

Mama alipiga simu kabla sijavua viatu. "Umshike mwenzio, mwanangu. Mimi mikono yangu imechoka." Nikamwambia nitamshika.

Wamemweka chini ya Chumvi. Chumvi ndiye mzee wa maksai. Jina hilo alipewa kwa sababu hana habari asiyoitia chumvi. Mwaka juzi aliua chui kwa jembe. Mwaka jana chui yuleyule alikufa kwa mchi wa kutwangia. Wageni wanampenda. Mimi ananichosha, kwa sababu wakitoka kwake wanakuja kuniuliza chui amezikwa wapi.

Machi 12

Mvua. Mgeni mmoja, kauliza choo.

Machi 15

Wanafunzi arobaini na matope ya miguu themanini. Niliwaonyesha shimo. Tunayo mawili: moja tupu la maonyesho, na la pili tulilolitia mahindi robo baada ya mavuno, tukalifunika kwa jiwe na kulikandika udongo. Umbo lake ni la mtungi, mdomo mwembamba, tumbo pana, kina chake watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake. Hilo la pili ndilo litakalofunguliwa Mei 17 mbele ya wakubwa na wafadhili, na mdogo wangu ndiye atakayeshuka kupakua kapu la kwanza.

Kilele cha ziara yangu ni taa. Zamani hakuna aliyeshuka shimoni kabla ya kushusha taa kwa kamba. Kwa hiyo nami hushusha, polepole, watoto wakikodoa macho. Taa yenyewe ni ya betri. Miaka miwili iliyopita cheche ilitoka jikoni ikala paa zima la nyumba ya tatu, na toka hapo Mkurugenzi amepiga marufuku moto ndani ya uzio. Hata meko yetu yana balbu nyekundu chini ya majivu. Taa imetengenezwa vizuri sana, ina kimwali cha moto bandia kinachotetemeka. Siku ya kwanza mimi mwenyewe niliipuliza ili niizime, watu wakacheka mpaka basi.

Mtoto mmoja akauliza, "Taa ni ya nini?" Nikamwonyesha bango nililoliandika kwa mkono wangu kabla halijachapwa: *Taa ilishushwa ili kuangalia kama kuna nyoka.* Hilo nililisikia kwa Chumvi.

Machi 22

Leo nimemwona mdogo wangu akilima. Nilikwenda kumgombeza kwa kuchelewa chai, nikakuta amewafunga nira Pole na Haraka, maksai wetu, anawapeleka mpaka mwisho wa shamba na kuwageuza bila fimbo. Anawasemesha tu. Mstari umenyooka kabisa. Chumvi amesimama pembeni mikono nyuma.

"Umemwona?" akaniambia. "Huyu mkono wake mwepesi. Mimi nilijifunza miaka mitatu, yeye wiki mbili."

"Na chui je, ameshaua wangapi?"

"Huyu hana haja ya chui," akasema, na hakucheka.

Jioni mdogo wangu aliniambia, "Dada, mimi kumbe sikuwa mvivu. Nilikuwa sijakutana na ng'ombe." Nilicheka. Kisha nikaingia ndani nikalia kidogo kwa furaha, maana sikumbuki lini nilimsikia akijisifu kwa kitu cha kweli.

Machi 29

Mvua siku ya sita mfululizo. Maji yamesimama juu ya shimo lililojaa. Chumvi alikwenda kuomba turubai. Mkurugenzi alimjibu kwa upole wake ule wa shati lililopigwa pasi: "Mzee wangu, wahenga hawakuwa na turubai. Wageni watapiga picha ya plastiki?"

"Wahenga walikuwa na kibanda cha nyasi juu yake," Chumvi akasema. "Nyie mmekibomoa."

Kweli tulikibomoa, kwa sababu kwenye picha ya zamani tuliyo nayo hakionekani. Nilimuunga mkono Mkurugenzi. Namheshimu mtu huyu. Alipofika hapa palikuwa gofu na popo. Chumvi aliondoka akinung'unika, na mimi nikasema kwa sauti kwamba mzee huyu angekuwa analipwa kwa kunung'unika angeshastaafu.

Aprili 3

Mahindi ya shambani yamefika vifundoni. Mdogo wangu hajachelewa hata siku moja.

Aprili 9

Nilikuwa bandani na Chumvi, yeye akikaza kamba za nira, mimi nikitafuta ungo wa maonyesho. Akaanza bila kuulizwa.

"Mwalimu" (ndivyo anavyoniita, eti kwa sababu nasema sana), "ile taa ya siku ya kufungua, iwe ya moto."

"Moto umekatazwa, unajua."

"Basi asishuke mtu. Taa haikuwa ya nyoka. Taa ilikuwa ya hewa. Nafaka ikilowa inapumua, inakula hewa yote ya chini. Unashusha moto, ukizimika, na wewe utazimika. Unafunika mdomo wa shimo? Hapana, unauacha wazi siku nzima, unashusha matawi kwa kamba unapandisha unashusha, hewa ichanganyike. Halafu unajaribu tena."

"Nyoka ulinipa wewe. Nimeandika bangoni kwa maneno yako."

Akainama kwenye kamba yake. "Nyoka niliwapa wageni. Wageni wanapenda nyoka."

Nikacheka. Naandika vilevile ilivyokuwa: nilicheka kwa sauti. Nikamwambia, "Jana nyoka, leo hewa, kesho utaniambia kuna jini. Njia ya mwongo fupi, mzee." Akasema kaka yake alifia shimoni. Nikamuuliza, huyo ni kaka yuleyule aliyeliwa na mamba? Maana kaka aliyeliwa na mamba nilishamsikia mara nne. Akakaza fundo. Nikachukua ungo wangu nikatoka.

Aprili 10

Mvua. Ungo ule una tundu.

Aprili 16

Karibu na shimo kuna harufu ya uchachu, kama pombe ya siku tatu. Mdogo wangu anasema shimo limelewa. Udongo tuliokandika umebonyea upande mmoja, maji yanaingia hapo. Nilimwambia aongeze udongo. Akaongeza, akachora na uso wa mtu anayecheka.

Aprili 20

Neno la Chumvi limekuwa kama punje kwenye jino. Asubuhi niliamua kulitoa. Nilibisha mlango wa Mkurugenzi, nikakuta anatabasamu.

"Umekuja wakati mzuri," akasema, akageuza karatasi mezani ili niisome. Ilikuwa barua ya ajira ya mdogo wangu. Majina yake yote matatu, cheo chake, mkulima mwonyeshaji. Ilikosa sahihi tu. "Nitaisaini siku ya kufungua, mbele ya wageni. Itapendeza. Ulikuwa na jambo?"

Nilikuwa nalo mdomoni. Nikafikiria mabango yaliyokwisha kuchapwa, nikafikiria jinsi atakavyoniuliza, nani kasema, na nitakavyojibu ni Chumvi, na tutakavyocheka wote wawili. Nikafikiria barua ile isiyo na sahihi.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kusema ahsante."

Mei 2

Mama kapiga. Anataka picha ya mdogo wangu akiwa amevaa yale mavazi ya kizamani. Nimemtumia. Kasema amefanana na babu yetu, miguu tu ndiyo mibaya zaidi.

Mei 9

Jua kidogo. Mabasi matatu ya wageni. Nimeshusha taa mara saba, sauti imekauka.

Mei 16

Ratiba imebandikwa. Saa tisa hotuba. Saa tisa na nusu kuinua jiwe. Saa tisa na dakika thelathini na tano, taa. Saa tisa na dakika arobaini, kapu la kwanza. Mkurugenzi aliniuliza, "Huyu mzee wetu tumweke wapi kesho? Mdomo wake naujua." Nikasema akae zizini na maksai, ni mbali na hema la wageni. Akaniambia mimi ni hazina ya mahali hapa.

Mei 20

Jana sikuweza. Juzi pia. Leo nitaandika yote, na mkono ukikataa nitaulazimisha.

Wanaume wanne waliinua jiwe. Harufu ilitoka kali, mama mmoja wa mstari wa mbele akajifunika pua kwa mtandio. Mkurugenzi akasema kwenye kipaza sauti, "Hiyo ndiyo harufu ya historia," watu wakacheka. Nikasogea na taa. Nilikuwa na nguo za bibi zangu na shanga shingoni. Nikasema maneno yangu yaleyale, nikaishusha polepole. Ilifika chini ikatua juu ya mahindi, ikawaka vizuri, kimwali kikitetemeka. Nilisema, "Taa inawaka. Hakuna nyoka. Njia ni salama." Nilisema hivyo. Wakapiga makofi.

Mdogo wangu alinikonyeza. Akashika kapu, akashuka kwa gogo lililochongwa vidato kama ngazi. Kamba ilifungwa kwenye kapu. Yeye hakufungwa kamba, kwa sababu kwenye picha ya zamani anayeshuka hana kamba.

Aliinama kuchota. Akachota mikono miwili, labda mitatu. Kisha akakaa chini, taratibu, kama mtu aliyechoka kusimama. Akalaza shavu kwenye mahindi. Nilidhani anatania, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa wa hivyo. Watu walicheka na mimi nilicheka nao. Nikasema, "Inuka basi, wageni wanasubiri." Taa ilikuwa pembeni yake, inamwangaza mgongo wote, na mgongo haukuwa unapanda wala kushuka.

Nikapiga ukelele. Seremala wetu alikuwa ameshatia mguu mmoja kwenye gogo. Hapo ndipo Chumvi alipofika. Sijawahi kumwona akikimbia, sikujua anaweza. Alimvuta seremala kwa ukosi akamtupa matopeni. "Asiingie mtu! Atakayeingia hatoki!" Mkurugenzi alikuwa bado ameshika kipaza sauti. Mimi nikaenda shimoni. Chumvi alinikamata kiunoni. Nilimpiga, nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayo, nikamuuma mkono mpaka nikaonja damu yake. Hakuniachia. Alinizungushia mikono yote miwili huku akiwaamuru wengine juu ya kichwa changu: leteni matawi, fungeni kwenye kamba, shusheni, pandisheni, tena, tena. Wakafanya. Majani yalikuwa yakimgusa mdogo wangu mgongoni kila yaliposhuka.

Ilichukua muda gani sijui. Mwishowe seremala alifungwa kamba kiunoni, akavuta pumzi, akashuka, akamfunga, wakavutwa. Mdogo wangu alitoka na alama za punje za mahindi shavuni. Zilikuwa zimejipanga kama zinavyojipanga kwenye gunzi. Daktari wa zahanati alifika na kusema ni hewa mbaya ya nafaka iliyolowa, pumzi chache tu zinatosha. Alisema kama tungekuwa tumeshusha moto ungezimika kabla ya nusu ya kina.

Taa waliitoa siku ya pili. Bado ilikuwa inawaka.

Mei 24

Tumemzika. Mama hakulia makaburini. Tulipokuwa tunanawa mikono akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anauliza ufunguo: "Ulimshika mwenzio?"

Nilisema, "Mama." Nikaendelea kunawa.

Mei 28

Chumvi amekuja nyumbani. Mkono una bandeji. Alikaa kwenye ncha ya kiti kofia magotini.

"Nimekuja kuomba radhi. Uwongo wa nyoka ulikuwa wangu."

"Na mimi niliuandika."

"Maisha yangu yote nasema uwongo watu wacheke," akasema. "Siku ile bandani nilisema kweli, ukacheka. Ningejua, ningepiga kelele. Ningeondoka na nira zangu kwenda kwa Mkurugenzi mwenyewe. Nikasema moyoni, ah, si nimeshamwambia Mwalimu."

Nikamuuliza kuhusu kaka yake. Akaniambia hakuna aliyeliwa na mamba. Alikuwa na kaka mmoja tu, alifia shimoni, Chumvi akiwa ameshika taa juu na ameona uvivu wa kwenda kuiwasha. Mamba alimtunga ili watu wasimuulize. Nilitaka kumchukia, nikatafuta pa kuanzia, nikapakosa.

Juni 2

Mkurugenzi aliniita. Amekonda, shati lina mikunjo. Kama angenifokea ingekuwa nafuu, lakini alinivutia kiti na kunimiminia maji. Kisha akanipa taarifa niisaini kabla wachunguzi hawajaja.

Nimeisoma mara tatu. *Taa ilishushwa kwa mujibu wa utaratibu na iliendelea kuwaka.* Ni kweli. *Hakuna mtumishi yeyote aliyewahi kutoa tahadhari.* Na mstari wa mwisho: *Marehemu aliharakisha kuingia kabla ya kuruhusiwa, jambo linalolingana na rekodi yake ya utovu wa nidhamu katika kazi za awali.*

Rekodi hiyo niliitoa mimi. Nilimweleza yote wakati nambembeleza ampokee, ili aone sifichi kitu.

"Tukisema hivi, makumbusho yatabaki," akasema. "Watu thelathini wana kazi hapa. Na wewe pia utasalimika. Yeye hataumia tena, dada yangu."

"Mzee wa maksai alitoa tahadhari," nikasema.

"Kwa nani?"

Nikanywa maji yake.

"Kwa nani?" akauliza tena. "Kwangu hakuja. Na nani atamwamini Chumvi?"

Nimeomba siku tatu.

Juni 3

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Aprili 9 iko pale, kwa mwandiko wangu. *Nilicheka kwa sauti.* Nimefika mpaka kuushika ukurasa kwa vidole viwili. Karatasi za stoo ya makumbusho ni nyepesi, zinachanika bila kelele. Ukitoka ukurasa huo, Chumvi anabaki mzee mwongo asiye na shahidi, mimi nabaki dada aliyefiwa, na mdogo wangu anabaki mvivu aliyejiua kwa haraka zake. Mama ataamini. Atalia, ataamini, na ataniita nimshike mkono.

Sikio la kufa halisikii dawa, watu husema. Lakini sikio lililosikia lilikuwa langu, na aliyekufa ni mwingine.

Juni 4

Mvua imeisha. Mahindi aliyoyalima yamechanua. Pole na Haraka wanagoma kufungwa nira na mtu mwingine.

Juni 5

Leo mchana niliingia na kiberiti kwenye mfuko wa gauni la kizamani. Chumvi alileta koroboi kutoka kwake. Tulikwenda kwenye shimo, lililozungushiwa utepe na kufunikwa kwa mabati. Alisogeza bati moja. Nikawasha koroboi, moto wa kwanza ndani ya uzio huu kwa miaka miwili, nikaushusha kwa kamba ileile. Dhiraa nne ulikuwa unawaka. Ya tano ukawa mdogo, ukawa wa buluu, ukazimika. Moshi wake haukupanda, ulilala palepale. Nikaupandisha, nikawasha, nikashusha. Ukazimika. Mara ya tatu Chumvi alinishika mkono akasema, "Basi, Mwalimu. Imeshajibu."

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi anatutazama. Hakutukataza. Nilimpelekea karatasi yake bila sahihi, akaipokea, akaingia ndani.

Wachunguzi wanakuja kesho saa nne. Mama atafika saa mbili. Nimemwita mapema ili asikie kwa mdomo wangu kabla hajasomewa na wengine. Nitamjibu alichoniuliza makaburini. Nitamwambia sikumshika.

Daftari nitawapa lote, na udongo wake. Aprili 9 nimeikunja ncha ili wasihangaike kuitafuta.